Bibi haoni vizuri: tumwambie nani?

Kwenye fomu tunazojaza tunapokwenda na huduma ya mkoba vijijini kuna mstari wa kuandika malalamiko ya mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe. Nikipekua fomu za siku moja, za watu waliovuka miaka 60, neno moja hujirudia ukurasa hadi ukurasa: uzee. "Macho haya? Ni uzee tu, mwanangu." Wengine hawasemi wenyewe. Anayewasemea ni kijana aliyewaleta kwa pikipiki, naye husema kwa haraka ya mtu anayewahi abiria mwingine. Mzee anakaa kimya, viganja juu ya fimbo, kana kwamba habari inayozungumzwa ni ya jirani.

Nimekuwa nikichungulia ndani ya macho ya watu kwa zaidi ya miaka 20, na nimefika mahali siwezi tena kuisifu kazi yetu ya uhamasishaji kama tunavyojisifu kwenye ripoti. Naamini tunakosea mara mbili: tunamwambia asiyehusika na uamuzi, na tunachomwambia hakimsaidii. Kila Alhamisi ya pili ya Oktoba, Siku ya Uoni Duniani, tunavaa fulana, tunafunga turubai, tunawaambia wazee wapime macho mapema. Mzee huyo hana nauli, na mara nyingi safari ya hospitali haiamui yeye. Hata hilo neno "mapema" halimfundishi kitu, kwa sababu maradhi tuliyoyafunika kwa neno uzee hayatembei kwa mwendo mmoja. Kuna linaloweza kungoja miaka na bado likatibika. Kuna ambalo mwaka ukipita bila matibabu, kilichopotea ndani ya mwaka huo hakirudi. Na kuna ambalo si ugonjwa kabisa, dawa yake ni miwani. Watu wa nyumbani wakishajua kutofautisha haya, hasa yule anayeshika fedha, turubai letu litakuwa na kazi ndogo sana.

Nianze na hilo la miwani. Lenzi ya jicho la kijana ni laini. Misuli ikivuta, inabadilika umbo na kuona cha karibu. Kufikia miaka 40 imekakamaa, na mtu anaanza kuisogeza simu mbali mpaka mkono unakwisha. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta hali hii kwa watu 6 hivi katika kila 10 wenye miaka 40 na kuendelea. Tumezoea kudhani miwani ya karibu ni ya wasomi. Mwangalie fundi cherehani anayemwita mtoto amtungie uzi, msusi, mama anayechambua mchele na bado wali unakutwa na mawe, mfugaji anayekisia kipimo cha dawa ya kupe. Huko Assam, India, wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi walipopewa miwani ya karibu, majani waliyochuma kwa siku yaliongezeka kuliko ya wenzao wasiopewa kwa zaidi ya sehemu moja ya tano; matokeo hayo yalitoka 2018, na sijaona sababu ya mchuma chai wa Rungwe au Kericho kuwa tofauti. Kuhusu ile hofu kwamba miwani "inazoesha macho vibaya": lenzi itaendelea kukakamaa hata ukiishi gizani. Unaongezewa nguvu ya miwani kwa sababu miaka imeongezeka, na ungeihitaji nguvu hiyo hata kama hukuwahi kuvaa miwani.

Sasa mtoto wa jicho, jina zuri lenye hila. Linawafanya watu wadhani kuna kitu kimeota juu ya jicho, utando wa kukwangua au kuyeyusha. Ndiyo maana mwenye kinyama kinachotambaa kutoka kwenye weupe wa jicho, na mwenye kovu kwenye kioo cha jicho ambalo wazee waliliita chamba, wote hunijia wakisema wana mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho yumo ndani, nyuma ya mboni, kwenye lenzi ileile niliyoitaja. Lenzi hiyo haina mshipa wa damu hata mmoja, na chembe zake hazitupwi. Zile ulizozaliwa nazo bado zimo katikati yake. Imejaa protini zilizopangwa kwa ustadi kiasi cha kupitisha nuru. Miaka, jua, sigara, kisukari na dawa za steroidi huzivuruga protini hizo mpaka zishikane na kuzuia nuru. Mwangalie mpishi wa chipsi mayai: ute unaingia kikaangoni ukiwa maji maangavu, punde umekuwa mweupe. Hakuna atakayeurudisha kuwa mbichi. Kwa hiyo tone lolote unalouziwa kwa ahadi ya kuyeyusha mtoto wa jicho, liwe la mimea, la asali au la chupa yenye maandishi ya kigeni, linayeyusha fedha yako, na likiwa chafu linaweza kuondoka na jicho lenyewe.

Ugonjwa huu una mzaha wake pia. Bibi aliyetumia miwani ya kusomea miaka 15 anaamka siku moja anasoma Msahafu au Biblia bila miwani, na nyumba nzima inashukuru. Naomba radhi kuharibu furaha hiyo. Kiini cha lenzi kimekuwa kizito na kinapinda nuru kupita kiasi. Herufi za karibu zimerudi, lakini mwulize ni nani yule ng'ambo ya barabara. Katika umri huo, jicho linalojiponya lenyewe namna hii mara nyingi ndilo linaloelekea chumba cha upasuaji.

Upasuaji wenyewe, mikononi mwa aliyezoea, huchukua dakika 10 hadi 20. Jicho hutiwa ganzi, hufunguliwa tundu dogo, lenzi iliyopauka hutolewa na ya plastiki huwekwa mahali pake, ya kudumu maisha yote. Wazo hilo lilitokana na vita: Harold Ridley, daktari wa London, aliona marubani waliopata vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege machoni na macho yao hayakuvikataa, na mwaka 1949 akaweka lenzi ya kwanza ya namna hiyo kwa mgonjwa. Jicho halitolewi nje na kuwekwa mezani, ingawa najua kila kijiji kina mtu anayeapa aliona. Ushauri wa "subiri kwanza akomae" nao ulikuwa na sababu enzi za kuvuta lenzi nzima nje ya jicho. Leo lenzi iliyokomaa kupita kiasi ni ngumu zaidi kuitoa, na inaweza kuvimba au kuvuja na kupandisha presha ya jicho ghafla. Na yule anayesema "nilifanyiwa, amerudi", hajarudiwa na kitu. Mfuko mwembamba tunaouacha ili ubebe lenzi mpya huweza kupata ukungu baada ya miezi au miaka, na mionzi ya leza huufungua mgonjwa akiwa amekaa kwenye kiti.

Nimetumia maneno mengi kwa mtoto wa jicho ingawa ndiye mpole kuliko wenzake. Anapofusha watu wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote wa macho, lakini ukimchelewesha mwaka, kwa kawaida bado unaweza kumkuta bibi hajapoteza nafasi ya kuona tena. Ninayemwogopa ni mwingine.

Tumemwita presha ya macho, na jina hilo limetuponza kuliko tunavyokubali. Mgonjwa akilisikia anajibu, "Presha naijua, natumia dawa." Anayo, ya moyo. Hizi ni presha mbili. Ndani ya jicho hutengenezwa maji kila dakika, na hutoka kupitia njia nyembamba kwenye kona, pale sehemu nyeusi ya jicho inapokutana na nyeupe. Njia ikiziba polepole, maji huongezeka na kuukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo ni kama kamba ya nyuzi zipatazo milioni moja, na kila uzi unaokufa haufufuki. Wapo hata wenye kipimo cha kawaida ambao nyuzi zao zinakufa vilevile, ndiyo maana kupima presha ya jicho peke yake hakutoshi. Lazima mtu autazame mshipa. Nyuzi za pembeni kwa kawaida hutangulia kufa, zile za katikati hubaki mwisho. Hapaumi, hapawashi, jicho halibadiliki rangi. Watu hudhani kuona kunakopungua huleta giza pembeni. Hakuna giza. Ubongo huziba pengo kwa kubahatisha, kama mtu anayetia kiraka cha kitambaa kilekile, na mwenye jicho hajui kuna tundu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na msomaji wa magazeti. Nilikuwa tayari daktari bingwa, nikirudi nyumbani kila mwisho wa mwaka, nikimkuta barazani akisoma hata matangazo ya zabuni. Mwaka mmoja aligonga bega kwenye fremu ya mlango wa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Mama akasema, "Baba yenu siku hizi hatazami anakokwenda." Tukacheka. Mwaka uliofuata alikanyaga hewa kwenye ngazi za kanisa akaanguka. Nilipompima, jicho la kushoto lilikuwa limebakiwa na nafasi ya kuonea kama tundu la ufunguo. La kulia lilikuwa njiani kulifuata, na bado kwenye chati ya herufi alisoma mpaka mstari wa mwisho, tena kwa sauti ya mwalimu. Nilishapima maelfu ya watu. Baba yangu sikuwahi kumpima, kwa kuwa alikuwa anasoma gazeti.

Ndipo nilipoanza kuichukia ile kauli ya mabango yetu, "ukiona dalili, wahi hospitali." Kwa ugonjwa huu dalili ni kengele inayolia mwizi akiwa amekwisha kuondoka. Kongwa tena, katika utafiti wa mwaka 2000, watu kama 4 kati ya kila 100 wenye miaka 40 na zaidi walikuwa nao. Watu wenye asili ya Afrika huupata zaidi na mapema zaidi, na ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wako hatarini mara kadhaa kuliko majirani zao. Kwa hiyo ukitafuta mtu wa kumhamasisha kuhusu presha ya macho, usimtafute sokoni kwa kipaza sauti. Mwulize mgonjwa aliye mbele yako amezaliwa na wangapi.

Matibabu yana ugumu wake wa kibinadamu. Matone hayarejeshi kilichopotea, hulinda kilichobaki, na mtu akitia matone miezi miwili asione tofauti yoyote huacha, akiamini ameibiwa. Siwezi kumlaumu, hakuna aliyemweleza kwamba kutoona tofauti ndiyo mafanikio yenyewe. Hospitali ya KCMC, Moshi, ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukilinganisha matone ya timololi na mionzi ya leza inayofungua ile njia ya maji. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho na matone kwa asilimia 31. Kwangu mimi hilo ni jambo la sera. Matone yanategemea nauli, duka la dawa lenye akiba, na kumbukumbu ya mzee kila siku iendayo kwa Mungu. Leza ni ziara moja, pengine mbili, kisha ufuatiliaji. Mashine inayokaa hospitali ya rufaa na ingeweza kuzunguka mikoani siku maalumu ingeokoa macho mengi kuliko fulana zetu zote.

Kabla sijasahau, kuna presha ya macho tunayoinunua wenyewe. Jicho likiwasha, mtu anakwenda duka la dawa anapewa tone lenye steroidi. Linatulia kwa siku mbili, naye anageuza chupa hiyo kuwa rafiki wa nyumbani. Steroidi ikitumika muda mrefu bila kupimwa hupandisha presha ya jicho na huleta mtoto wa jicho, mawili kwa bei ya moja.

Kisukari kinahitaji safu yake. Kwa leo itoshe kusema kinaharibu vijishipa vya damu vya pazia la nyuma ya jicho bila maumivu, na mwenye kisukari anatakiwa kutanuliwa mboni na kuchunguzwa kila mwaka hata kama anaona sisimizi ukutani. Uchakavu wa kitovu cha pazia hilo, unaowasumbua sana wazee wa Ulaya, kwetu ni mdogo kwa kulinganisha. Na karoti? Kula, ni chakula kizuri. Upungufu wa vitamini A hupofusha watoto, lakini hakuna karoti iliyowahi kumtoa mtu mtoto wa jicho.

Basi tumwambie nani? Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti kutoka mkoa wa Kilimanjaro kuhusu yale yanayotokea ndani ya familia kabla mtu hajakubali kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ulionyesha jambo ambalo yeyote aliyelelewa na bibi analijua: mzee haombi. Anapima kwanza watoto wana mzigo gani, ada ya shule, mbolea, mgonjwa mwingine, kisha anajinyamazia, na upasuaji hufanyika pale familia inapojitolea yenyewe. Tukimwambia mzee huyu "usikubali upofu", tunamtaka afanye kile ambacho heshima yake yote imemfundisha asifanye, yaani kuwadai wanawe. Kwa wanawake ni zaidi. Wanaishi miaka mingi zaidi na wana mtoto wa jicho kwa wingi zaidi, lakini katika sehemu nyingi za Afrika wanaopasuliwa kwa uwiano ni wachache kuliko wanaume. Mama anayepika kwa kupapasa bado anapika, kwa hiyo nyumbani hakuna anayeona pengo. Babu asipoweza kwenda kwenye kikao, kijiji kizima kitajua.

Ningekuwa na bajeti ya Oktoba mikononi, ningeipeleka kwa watoto wa miaka 30 hadi 50, wale wanaotuma fedha nyumbani kwa simu. Ningewafundisha kupima macho ya wazazi wao sikukuu wanapokwenda kuwasalimu. Mfunike mama jicho moja kwa kiganja, mwonyeshe vidole umbali wa hatua tatu, halafu sita. Kisha jicho la pili, maana jicho zima humficha mwenzake miaka na miaka. Tazama anavyozitambua noti: kwa macho au kwa kuuliza? Anakutambua ukiwa kimya, au mpaka useme shikamoo? Angalia mabega na goti, kama yana michubuko ya milango na meza. Hivi si vipimo vya daktari na haviwezi kuikamata presha ya macho mapema. Vinatosha tu kukuondolea kinywani neno uzee. Na aliyevuka miaka 40 katika ukoo wenye ugonjwa huo aende akatazamwe mshipa wa jicho hata akifaulu vipimo vyote vya barazani.

Ningewatumia pia waliokwisha kuona. Mwanamke aliyefunguliwa bandeji asubuhi akamwona mjukuu aliyezaliwa akiwa haoni ana nguvu ambayo bango halina. Tunamrudisha kwake bila kumwomba chochote, hata kutaja majina matatu ya wenzake wanaopapasa. Ningetaka kila zahanati iwe na miwani ya karibu ya nguvu tatu au nne kwenye kabati lilelile la panadoli. Na ningetaka tuache kujificha nyuma ya msamaha wa matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo, na ni ahadi nzuri, ila kitanda cha bure kilichoko kilomita 90 si bure kwa mtu na msindikizaji wake. Nimewahi kuona kituo kimoja, sitakitaja, kikiwarudisha wazee 11 waliopanda lori tangu alfajiri kwa sababu hawakuwa na barua ya mtendaji. Hakuna aliyerudi wiki iliyofuata. Gari linalowachukua na kuwarejesha lingegharimu pungufu ya mkutano wetu wa tathmini.

Baba hutia matone yake taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapoanza. Jicho la kulia limetulia, bado anasoma zabuni. Sisi tumezaliwa watano. Dada zangu wawili wamepimwa na wako salama, mimi pia. Mdogo wetu wa mwisho alikutwa na presha bila kujua, akachomwa leza. Amebaki kaka mkubwa, ambaye hapendi kuambiwa kitu na mtu aliyembeba mgongoni. Kila nikimpigia ananieleza kuwa anasoma namba za basi likiwa kituo cha pili. Juzi nimeacha kumpigia. Nimempigia shemeji, naye ameshanitumia siku na saa watakayofika.